Wajibu wa Duka Kubwa kwa Wanaolijaza

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika ukumbi wa shule, Temeke)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu wa zamani ambao hata leo mkikohoa tu sisi tunanyamaza, ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma mkiisikilizia harufu ya pilau kuliko mnavyonisikiliza mimi:

Katibu wetu aliponialika aliniomba nizungumze juu ya "wajibu wa makampuni makubwa kwa jamii". Ni mada pana kama Bahari ya Hindi, na mtu aliyepewa dakika thelathini hana budi kuchagua mahali pa kutupa wavu wake. Mimi nimechagua supamaketi. Kila mmoja wenu amekwisha kuingia humo, hata kama ni kwa kupoozwa na kiyoyozi tu. Aidha, kazi yangu katika utumishi wa umma, kwa zaidi ya miaka kumi na mitano sasa, imekuwa ni kushughulika na biashara ndogondogo na viwanda vya nyumbani katika wilaya za jiji hili, na humo nimeona mambo ambayo hayaandikwi katika taarifa za mwaka za makampuni. Naomba ieleweke kwamba nasema haya kama mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Ofisi yangu haikunituma, na wala haijui nitasema nini.

Siku hizi neno "wajibu kwa jamii" likitajwa, picha inayotujia ni moja. Ni ile ya hundi ya kadibodi, ndefu kama mlango, imeshikwa na watu watano wanaotabasamu, na nyuma yao wanafunzi wamepangwa juani. Mwaka 2016, wakati wa kampeni ya madawati, tuliziona picha za namna hiyo kila siku gazetini. Mimi siyadharau madawati. Shule hii ina madawati ya namna hiyo na vijana wanayakalia. Ninachosema ni kwamba dawati ni zawadi, na zawadi hutolewa na mtu akipenda. Wajibu hautegemei kupenda. Mtu hawezi kugawa pilau msikitini hali ya kuwa hajamlipa aliyemuuzia mchele, akataka tumwite mkarimu. Kwa hiyo leo sitazungumzia madawati. Nitazungumzia mchele.

Niwaeleze vijana kwanza jinsi duka kubwa linavyofanya kazi, maana wengi mnadhani mwenye duka ananunua bidhaa, anazipanga kwenye rafu, kisha anaziuza. Hivyo ndivyo afanyavyo Mangi pale kona, na hata yeye si kwa kila kitu. Supamaketi aghalabu hainunui kwa fedha taslimu. Inapokea. Mwenye bidhaa anazileta stoo mlango wa nyuma, anagongewa muhuri kwenye hati ya kupokelea mzigo, anaacha ankara, anaondoka. Malipo ni baada ya siku 30, au 60, au 90, kadiri walivyoandikiana. Lakini mteja wa mlango wa mbele analipa papo hapo.

Tufanye hesabu kama alivyotufundisha mwalimu wetu wa hesabu hapa hapa, ubaoni. Tuseme mtu amepeleka chupa 200 za achari kwa shilingi 2,500 kila moja. Hiyo ni shilingi 500,000. Chupa zimeuzwa zote katika siku 15. Mkataba unasema malipo ni siku ya 60. Basi kwa siku 45 nzima, nusu milioni ya yule mtengenezaji imo mikononi mwa duka, bila riba, bila dhamana, bila hata kuombwa. Sasa tuseme wako watu 300 wa aina hiyo. Ni shilingi milioni 150, zinazunguka mwaka mzima, maana kabla la kwanza halijalipwa la pili limekwisha kuletwa. Kwa fedha hizo mtu anaweza kufungua tawi jipya. Na tawi jipya nalo litaletewa bidhaa kwa mkopo, litafungua tawi jingine.

Hapo hapajavunjwa sheria. Biashara ya mkopo ni ya tangu enzi za misafara, na pwani hii yote ilijengwa kwa mkopo. Duka linapokwenda vizuri, kila mtu hupata chake, japo kwa kuchelewa. Tatizo ni pale linapoyumba, kwa sababu anayeanguka nalo ni yule ambaye hakuwahi kuulizwa kama tawi jipya lifunguliwe.

Na kuchelewa si mzigo pekee. Kuna ada ya kuingizwa katika orodha ya bidhaa. Kuna punguzo ambalo duka linatangaza kwa wateja, "Nunua Mbili Upate Moja", na ile moja anaitoa mleta bidhaa. Kuna mzigo unaorudishwa kwa sababu umepitwa na tarehe, ingawa uliachwa stoo wiki tatu bila kupangwa. Wazee wetu walikuwa na neno lao kwa mtu anayekula jasho la mwenzake, na katika nyimbo za shule za wakati huo alichorwa akiwa na mirija. Siku hizi neno hilo limepotea midomoni. Mirija yenyewe bado ipo.

Nimewataja wazee, na hapa ndani wamo wanaokumbuka kwamba nchi hii iliwahi kujaribu kulijibu swali la duka kwa njia nyingine kabisa. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, makampuni makubwa ya kuagiza na kusambaza bidhaa, kama Smith Mackenzie na Dalgety, yalitaifishwa, na likaundwa Shirika la Biashara la Taifa, STC. Mwaka 1973 shirika hilo lilivunjwa, zikazaliwa kampuni za biashara za mikoa, zile RTC. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi yalifungwa ili nafasi yake ishikwe na ya ujamaa na ya ushirika. Haikudumu, kwa sababu ni rahisi kufunga duka la mtu kuliko kulijaza la umma. Mimi nilizaliwa kwenye mkia wa mambo hayo, ila nilikua nikisikia habari za foleni ya sukari na ya unga wa njano, na za jiwe lililowekwa kushika nafasi ya mtu foleni.

Wapo wanaosema basi fundisho ni kwamba Serikali isiguse maduka. Mimi naona fundisho jingine. RTC ilishindwa kwa mengi, lakini swali iliyoundwa kulijibu lilikuwa swali halali: duka linawajibika kwa nani? Tulipoacha jibu lile katika miaka ya 1980 tuliliacha na swali lenyewe, na milango ilipofunguliwa maduka makubwa yakaingia bila kuulizwa.

Yakaja kweli. Shoprite ya Afrika Kusini ilikuwapo Dar es Salaam tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mlimani City ilifunguliwa mwaka 2006, wakati huo eneo lile likiwa Kinondoni kabla Ubungo haijawa wilaya. Uchumi ya Kenya ikaja. Nakumatt, ambayo ilianza kama duka la magodoro mjini Nakuru na jina lake linatokana na hayo, iliingia nchini kwa mlango wa Moshi mwaka 2011, na mwaka 2014 ikachukua maduka matatu ya Shoprite, ya Dar es Salaam na Arusha. Siku hizo mtu akitoka Mbagala kwenda kutembea Mlimani City siku ya Jumapili, alivaa.

Niseme ukweli wao pia. Supamaketi zilileta bei iliyoandikwa, ambayo mtoto anayetumwa na mtu mwenye heshima zake wanaisoma sawa. Zilileta mizani isiyobonyezwa kwa kidole na risiti isiyoombwa mara mbili. Ziliwalazimisha watengenezaji wetu wadogo kutafuta alama ya ubora ya TBS na ile mistari ya kusomwa na mashine, na bidhaa zao zikawa bora zaidi. Ziliajiri vijana wa Tandika na Yombo kwa mkataba na kuwaandikisha katika hifadhi ya jamii, jambo ambalo Mangi, kwa wema wake wote, halifanyi. Nao walikuwa na gharama zao: pango lililopangwa kwa dola, umeme, jenereta la kushikilia majokofu umeme ukikatika. Na wateja tulikuwa wachache kuliko walivyodhani. Sehemu kubwa ya jiji hili hununua mafuta ya kupima na unga wa robo kilo jioni, baada ya kupata riziki ya siku, na hakuna supamaketi inayoweza kupima mafuta ya shilingi mia tano.

Hayo yote ni sababu. Lakini tazameni kilichofuata.

Uchumi iliuza hisa zake kwa umma, na mwaka 2014 hisa hizo ziliorodheshwa pia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kengele ikapigwa, hotuba zikatolewa, ikasemwa kwamba hii ndiyo Afrika Mashariki tunayoitaka. Mwezi Juni 2015 mkurugenzi mkuu wake aliondolewa na bodi. Mwezi Oktoba mwaka huo huo kampuni ikatangaza kufunga maduka yake yote ya Tanzania na Uganda ili kuokoa yale ya Kenya. Kutoka kengele mpaka kufuli ni kama mwaka mmoja na kidogo. Katika nchi zote mbili, waliokuwa wakipeleka bidhaa walibaki na ankara mkononi, na wafanyakazi wakabaki mlangoni.

Nakumatt ilikuwa na maduka zaidi ya 60 katika nchi nne, Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2017 rafu zilianza kuwa tupu. Mtakumbuka, wale mliopita humo, jinsi chupa za maji za aina moja zilivyopangwa mstari mrefu ili kuficha nafasi. Januari 2018 mahakama ya Nairobi iliiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ya kuifunga. Madeni yalikuwa zaidi ya shilingi za Kenya bilioni 30, na sehemu kubwa yake ilikuwa ni ya waliopeleka bidhaa.

Vijana wa masomo ya biashara wataniuliza: kama kampuni mama ilikuwa bado ipo Nairobi, kwa nini mdai wa Dar es Salaam asiifuate huko? Swali zuri. Jibu lake lilitolewa London mwaka 1897, katika kesi ya mtengenezaji wa viatu aitwaye Salomon. Mahakama ilisema kwamba kampuni ikisajiliwa inakuwa mtu, mbali na wenye kuimiliki, na madeni yake ni yake. Sheria yetu ya Makampuni ya mwaka 2002 imesimama juu ya msingi huo. Kampuni iliyosajiliwa hapa, hata ikiwa na jina, rangi na nembo ya mama yake, kisheria ni mtoto aliyekwisha kuoa. Ikifa, inakufa na madeni yake. Na katika kuligawa lililobaki kuna foleni, tena foleni isiyowekewa jiwe: benki iliyoshika dhamana hujilipa kwenye dhamana yake, yupo mfilisi na gharama zake, kodi na mishahara vina upendeleo wake kwa kiasi fulani, na mleta achari anasimama mwisho kabisa, akiangalia migongo ya wenzake.

Mfanyakazi naye msimwonee wivu kwa kuwa mbele kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa notisi ya siku 28 na kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, kisizidi miaka kumi. Keshia wa mshahara wa shilingi 260,000 kwa mwezi, aliyefanya kazi miaka minne, hupata 280,000. Ndiyo hesabu ya sheria. Ni pango la vyumba viwili Mbagala kwa miezi michache. Na hiyo ni pale mwajiri anapolipa.

Sasa niwaeleze jambo nililoliona mwenyewe. Duka linalohusika halimo katika hayo niliyoyataja, na jina lake sitalisema. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa afisa niliyeshughulikia kikundi cha akina mama huku upande wetu wa Mbagala. Walikuwa kumi na wawili, wanatengeneza achari ya embe na ya ndimu. Achari yao ilikuwa na sifa. Nimekula na ninaweza kuapa. Walifuata kila tulichowaambia sisi maafisa: mafunzo, alama ya ubora, chupa za kioo, lebo yenye tarehe. Wakapata mkopo wa halmashauri, ule unaotengwa kutoka asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba, ila una marejesho ya kila mwezi. Wakapata pia oda ya supamaketi. Siku ya kupeleka mzigo wa kwanza walivaa sare.

Mkataba ulisema siku 60. Siku ya 60 waliambiwa mhasibu amesafiri. Siku ya 75 waliambiwa ankara ilikosewa tarehe, waandike upya, na hesabu ya siku ianze upya. Siku ya 90 walitakiwa kupeleka mzigo mwingine kwanza ili "akaunti iendelee kuwa hai". Wakapeleka. Siku ya 120 walilipwa theluthi moja, na chupa arobaini zikarudishwa, nyingine zimepasuka vifuniko. Wakati huo wote duka lilikuwa wazi, na kila Jumamosi mistari ya wateja ilifika hadi kwenye friji za maziwa. Na wakati huo wote marejesho ya halmashauri yalikuwa yakisubiri, na mtu aliyetumwa na ofisi kuyadai alikuwa mimi.

Mwenyekiti wao, mama wa makamo, alinikaribisha uani kwake, akanipa kiti, akanimiminia chai, kisha akasema, "Mwanangu, wewe umesoma. Nifafanulie. Sisi tumekopa kwenu. Wao wamekopa kwetu. Wewe ukitaka pesa yako unanijia mimi. Mimi nikitaka yangu naambiwa mhasibu amesafiri. Hebu na wewe safiri kidogo, mwanangu."

Nilicheka, naye akacheka. Lakini niliporudi ofisini nililigeuza neno lake mara nyingi, na kadiri nilivyoligeuza ndivyo lilivyozidi kuwa zito. Fedha ile ilitoka wapi? Ilitoka kwenye ushuru wa masoko, vibali na leseni za wilaya. Ilitoka kwa muuza mihogo na kwa Mangi. Halmashauri iliikusanya ikawakopesha akina mama bila riba. Akina mama wakaigeuza kuwa achari, wakaikopesha supamaketi bila riba. Yaani muuza mihogo wa Tandika alikuwa akiisaidia kampuni yenye mtaji wa mabilioni kuendesha biashara, na hakuna aliyemwambia. Ndugu zangu, huo ndio mfereji tulioujenga sisi wenyewe kwa mikono yetu na kwa mihuri yetu, na maji yake yanapanda mlima.

Kikundi kilimaliza deni la halmashauri. Mmoja wao aliuza cherehani. Wanne walijitoa. Waliobaki waliacha supamaketi, wakaenda kwa akina Mangi, maduka kama ishirini kati ya Rangi Tatu na Kongowe, wanaolipa kila Jumatatu, kidogo kidogo, pesa mkononi. Chupa za kioo waliziacha. Sasa ni vikopo vya plastiki, na bei imeshuka. Wanaishi. Lakini achari ile haiko tena kwenye rafu ambako mgeni kutoka nje angeiona akauliza imetengenezwa wapi, na ndoto ya kuajiri vijana wa mtaani imekunjwa ikawekwa.

Mtasema kuna sheria ya ushindani. Ipo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na inakataza kutumia vibaya nguvu ya soko. Ila ilipotungwa iliweka kipimo: mwenye nguvu ya kutawala ni yule mwenye zaidi ya asilimia 35 ya soko. Katika nchi ambayo watu wengi wananunua kwa Mangi, gengeni na sokoni, hakuna supamaketi itakayokaribia kipimo hicho, na hata ukikipandisha au kukishusha kidogo mambo ni yale yale. Kwa mizani ya taifa zima, supamaketi ni dagaa. Kwa mizani ya mama mwenye chupa 200, ni papa. Sheria inapima samaki kwa bahari, na mama anapimwa kwa mdomo wa samaki.

Wenzetu wa Kenya, baada ya kuungua na Nakumatt na Uchumi, waliliona hilo. Mwaka 2019 walirekebisha sheria yao ya ushindani wakaandika waziwazi juu ya nguvu ya mnunuzi, yaani uwezo wa anayenunua kumkandamiza anayemuuzia, bila kulazimika kwanza kuthibitisha kwamba ametawala soko zima. Kuchelewesha malipo bila sababu ya haki, kurudisha bidhaa ovyo, kumsukumia muuzaji hasara za duka, yote yakawa makosa. Desemba 2023 mamlaka yao ya ushindani ilizitoza faini ya zaidi ya shilingi za Kenya bilioni moja supamaketi za Carrefour, zinazoendeshwa huko na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, kutokana na malalamiko ya watengenezaji wawili, mmoja wao muuza asali. Pamoja na faini, iliagiza makato yarudishwe na mikataba iandikwe upya. Muuza asali, ndugu zangu. Si benki, si balozi.

Wala msidhani ni maradhi ya Afrika. Tesco, supamaketi kubwa kuliko zote Uingereza, ilikiri mwaka 2014 kwamba ilikuwa imekuza hesabu ya faida yake kwa kiasi cha paundi milioni 250, na Januari 2016 msimamizi wa kanuni za biashara ya vyakula aliikuta na kosa la kuchelewesha makusudi fedha za waliokuwa wakiiuzia, ili vitabu vyake vionekane vizuri. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 2019: bidhaa zinazooza zilipwe ndani ya siku 30, zisizooza ndani ya siku 60. Mkulima wa Ufaransa amewekewa kalenda. Mkulima wa nyanya wa Lushoto anayeleta mzigo Dar es Salaam anategemea simu ya dalali.

Najua kuna mmoja hapa, mkandarasi, ananitazama kwa jicho la pembeni tangu nianze. Anataka kusema: na Serikali je? Mbona mzabuni anayeuzia shule maharage hukaa mwaka? Ndugu yangu, uko sawa. Serikali haina madaraka ya kumhubiria mtu juu ya kulipa kwa wakati mpaka na yenyewe ilipe, na nimekuwa nikilisema hilo katika vikao ambavyo sikupata makofi kama mliyonipigia hapa. Lakini makosa mawili hayafanyi halali moja. Tudai yote mawili.

Ninachoomba ni kidogo, na nakiomba kwa watu waliomo humu ukumbini. Katika daraja letu peke yake namhesabu mhasibu mkuu mmoja, mameneja ununuzi wawili, wakili, na yule aliyekuwa kiranja wetu ambaye sasa yumo katika bodi. Ninyi ndio mnaosafiri siku ya 60. Katika taarifa ya mwaka ya kampuni yako, pale penye picha ya madawati, ongeza mstari mmoja tu: mwaka huu tumewalipa waliotuuzia bidhaa baada ya wastani wa siku ngapi. Mstari huo haugharimu kitu. Kama unaona haya kuuchapa, basi unajua tayari unasema nini. Na wewe wakili, utusaidie kuandika maoni ya kupeleka kwa Tume ya Ushindani na kwa wabunge wetu wa Temeke na Kinondoni, juu ya kifungu cha nguvu ya mnunuzi kama walichonacho wenzetu. Mimi kwa nafasi yangu siwezi kutia sahihi, lakini kupiga chapa naweza.

Kwa vijana nina kazi ya nyumbani. Nimezungumza na mwalimu wenu wa Biashara. Kidato cha tatu watatembea kuanzia Tandika hadi Mtoni Kijichi, na mwingine kundi lake Mwenge hadi Tegeta, wakiwauliza watengenezaji wadogo maswali matatu: unamuuzia nani, mliandikiana siku ngapi, na ulilipwa siku ya ngapi. Majina yasiandikwe. Majibu yaletwe kwangu kabla ya likizo ya Juni, na toleo lijalo la gazeti hili litayachapisha kama yalivyo.

Nimeleta pia nakala hamsini za mkataba wa mfano wa kupeleka bidhaa dukani, kurasa mbili, Kiswahili kitupu, wenye tarehe ya malipo na fidia ya kuchelewa. Ziko kwa Katibu, karibu na birika la chai. Mwenye dada, shangazi au mama anayetengeneza kitu, amchukulie moja. Ndugu Mwenyekiti, kama kuna maswali, nipo.